Mama amegoma kuvaa meno bandia ya chini: seti mpya au vipandikizi?

#1 Kitindamimba
Habari za muda huu wakuu. Mama yangu ana miaka 78. Hana jino lake hata moja, juu wala chini, na ana seti ya meno bandia ya kuvaa na kuvua. Ya juu yanakaa vizuri, anaongea nayo na kucheka nayo. Ya chini amegoma. Yanaelea, yanamchubua fizi, akipiga chafya yanaruka. Siku hizi anayavaa wageni wakija tu, na wakati wa kula anayatoa, maana anasema yanamzuia kutafuna badala ya kumsaidia.

Tumeona madaktari wawili. Wa kwanza anasema atengenezewe seti mpya. Wa pili anasema seti mpya ni kupoteza muda, awekewe vipandikizi viwili (skrubu ndogo za titani zinazopandikizwa ndani ya mfupa) kwenye taya la chini, meno yashikiliwe na hivyo. Mama ana kisukari na anameza kidonge cha mifupa (alendronati) kila wiki. Mwenyewe anasema hataki kutobolewa taya uzeeni. Sisi watoto tumegawanyika na kila mmoja ana sauti kubwa.

Maswali mawili: kwa nini ya juu yakubali na ya chini yakatae? Na kwa umri huu, kipi kinafaa?

#2 Chonge
Pole kwa mama, mkuu. Meno ya juu yana kaakaa lote la kushikia. Ile pleti (bamba linalobeba meno na kukalia fizi) ikilala vizuri na mate yakiwepo, hewa haiingii, inanata. Ya chini yana umbo la herufi U, katikati kuna ulimi usiotulia, na eneo la kukalia ni karibu nusu ya la juu.

Halafu kuna mfupa. Jino liking'olewa, mfupa uliokuwa unalishika hauna kazi tena, unaanza kuisha. Kasi ni kubwa mwaka wa kwanza, kisha inapungua lakini haikomi. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha ufuatiliaji wa miaka 25 wa watu waliovaa seti kamili: kimo cha taya la chini kilipungua karibu mara nne ya la juu. Kwa hiyo mama yako hajifanyi. Hana pa kuyaweka.

Dawa yake ni vipandikizi viwili mbele ya taya la chini. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill kule Canada wakatamka kwamba kwa mtu asiye na jino taya la chini, hilo ndilo chaguo la kwanza. Mjadala umefungwa.

#3 Ukweli Mchungu
Umefungwa na nani, Chonge? Baada ya tamko la McGill likaja la York, Uingereza, mwaka 2009, likaeleza kwamba vipandikizi viwili ni kiwango cha chini kinachotosha watu wengi. Yote mawili yanazungumzia kile ambacho daktari atangulize kumpa mgonjwa. Hayasemi mgonjwa akikataa ashikwe mikono.

Na wanaokataa si wachache. Walton na MacEntee walichapisha mwaka 2005 kuhusu watu wasio na meno waliopewa nafasi ya vipandikizi bure ndani ya utafiti. Zaidi ya theluthi moja walikataa. Bure kabisa! Mama ana miaka 78, akili timamu, amesema hapana. Hilo nalo ni jibu la kitabibu, liandikwe kwenye faili.

#4 Fundi Nta
Natengeneza meno haya kwa mikono yangu, kwa hiyo nitasema ya upande wangu. Nusu ya seti za chini zinazolaumiwa kwa mfupa kuisha, ukiziangalia unakuta kosa ni la kipimo. Kingo zimekatwa fupi kwa kuogopa kuumiza, au meno yamepangwa nje ya mstari wa taya yakabana ulimi ndani. Ulimi ukibanwa unasukuma, pleti inapaa.

Kitindamimba, fanya hivi leo. Mama avae seti zote mbili, mdomo wazi kidogo, ulimi umepumzika nyuma ya meno ya mbele ya chini. Yakipaa yenyewe bila ya kutafuna, kuna mahali kingo zinagombana na misuli. Kisha bonyeza kwa kidole magego ya kushoto, utazame kulia. Kulia kukiinuka, mpangilio una shida. Baada ya hapo mwambie ahesabu kuanzia sitini hadi sitini na saba. Kwenye "sitini na sita" meno ya juu na chini yanapaswa kukaribiana sana bila kugongana. Ukisikia yanagonga, kimo cha kuuma (umbali kati ya taya mbili meno yakikutana) kimepitiliza. Na kama pembe za midomo zina vidonda visivyopona na uso umeporomoka kati ya pua na kidevu, huenda kimo kimepungua.

Siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta ndiyo siku ya kubishana. Wazee wengi wanakubali kila kitu siku hiyo kwa heshima, kisha wanakwenda kuteseka nyumbani. Mtu aende naye.

#5 Mzee Kibogoyo
Wanangu, mimi nina miaka zaidi ya 70, sina jino na sina kipandikizi, na ya chini navaa kutwa nzima. Siri ni ulimi. Ulimi unajifunza kuyashika. Mwanzoni nilikuwa nakata chakula vipande vidogo, naweka kidogo kushoto na kidogo kulia, natafuna pande zote mbili kwa pamoja. Ukitafunia upande mmoja upande wa pili lazima uinuke. Kuuma kwa meno ya mbele nilishasahau. Pia nilisoma kwa sauti kila jioni hadi maneno yakanyooka.

Mwambie mama asivue kila yanapomkera, hatazoea. Ila pakitoka kidonda arudi kwa daktari pleti ikwanguliwe pale inapochubua, asiikwangue mwenyewe kwa kisu.

#6 Dokta wa Zamu
Mzee #5 amesema vizuri, lakini si kila mtu atazoea, na haimaanishi ni mvivu. Anayevaa seti kamili ana nguvu ya kuuma ambayo ni sehemu ndogo tu, robo au pungufu, ya mwenye meno yake. Mfupa ukiwa umekwisha kabisa, neva inayotokea pembeni mwa kidevu inabaki juu juu, pleti inaikanyaga kila anapouma. Maumivu hayo hayazoeleki.

Sasa afya ya mama. Kisukari peke yake hakizuii vipandikizi, kinachotazamwa ni kama kimedhibitiwa. Nendeni na majibu ya kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu. Uvutaji sigara nao unaongeza hatari ya kipandikizi kukataa.

Alendronati ndiyo ya kuzungumzia kwa makini. Mwaka 2003 Robert Marx aliripoti wagonjwa waliotumia dawa za kundi hilo mfupa wa taya ukafa na kubaki wazi. Wengi walikuwa wagonjwa wa saratani waliochomwa dawa hizo kwa mshipa, kwa dozi kubwa. Kwa anayemeza kidonge cha wiki kwa ajili ya mifupa kulegea, hatari ni ndogo, ila inapanda kadiri miaka inavyokwenda, hasa ikivuka minne, na zaidi kama anatumia pia dawa za steroidi. Kwa hiyo: daktari wa meno ajue ameanza lini, na NYIE MSIISIMAMISHE kwa akili zenu. Nyonga ikivunjika katika umri huo ni balaa kubwa kuliko meno.

Mwisho, kuna kitu hakijaulizwa. Mdomo wa mama ni mkavu? Dawa nyingi za presha, mzio, mfadhaiko na usingizi hukausha mate. Bila mate hakuna kunata. Chukua kijiko kisafi, gusisha mgongo wa kijiko ndani ya shavu lake kisha ukivute taratibu. Kikigandia kwenye shavu badala ya kuteleza, umepata jibu lako moja.

#7 Chonge
Sawa, lakini msiwatishe watu na umri. Mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya titani vya Profesa Brånemark wa Sweden alikuwa Gösta Larsson, Sweden, mwaka 1965, na alikufa mwaka 2006 vikiwa bado vinafanya kazi. Miaka 40! Profesa mwenyewe aligundua jambo hilo miaka ya 1950 akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura, chombo chake cha titani kikagoma kutoka kwa sababu mfupa ulishakishika.

#8 Ukweli Mchungu
Larsson alikuwa na miaka 34 alipowekewa. Anathibitisha kwamba titani inadumu. Hathibitishi kwamba mama wa mwenzetu aanze safari hiyo akiwa na 78 na kisukari juu.

#9 Chonge
Na wewe hujathibitisha kwamba asianze. Umri wenyewe si kizuizi, muulize Dokta.

#10 Dokta wa Zamu
Umri si kizuizi, ni kweli. Mfupa wa mzee wa miaka 80 unashika titani. Lakini swali halikuwa hilo tu.

#11 Mama Mlezi
Nahudumia wazee majumbani, naomba mnisikilize, kwa sababu hapa wengi wanazungumzia siku ya upasuaji na si miaka kumi baadaye.

Nina bibi mwenye vipandikizi viwili vya chini. Meno yake yanaingia kwa kubana, yanalia "tak" upande wa kulia, "tak" kushoto. Yamekaa imara kweli, anakula bila hofu. Ila ana yabisi ya vidole. Kuyatoa jioni ndipo kazi. Anaingiza kucha ya kidole gumba chini ya ukingo, anasukuma, kidole kinateleza, anajaribu upande wa pili, machozi yanamlenga. Tulirudi kwa daktari akabadilisha vile vishikizo vya plastiki akaweka vinavyobana kidogo kuliko vya mwanzo, na tangu hapo anayatoa mwenyewe. Vishikizo hivyo huchakaa na vinahitaji kubadilishwa kila baada ya muda, na hilo wengi hawaambiwi.

Kitindamimba, kabla ya picha ya taya angalia mikono ya mama. Anafungua kifuniko cha chupa ya dawa? Anapiga mswaki pleti yake mwenyewe? Kipandikizi kisiposafishwa fizi inavimba na mfupa unaliwa kukizunguka, kimya kimya. Na akili ikianza kupotea, mzee anaweza kukataa mtu yeyote asimguse mdomo. Hapo vile vichwa vya chuma vya vipandikizi, vinavyochomoza kwenye fizi, vikibaki wazi bila pleti vinaweza kumchubua shavu na ulimi. Uzuri ni kwamba vichwa vinaweza kutolewa na kipandikizi kikafunikwa na fizi, lakini lazima awepo anayejua aina iliyowekwa. Ombeni kadi yenye jina na kipimo cha kipandikizi, muiweke na vyeti vyake vya hospitali.

#12 Pengo la Mbele
Si afungwe tu meno ya moja kwa moja asivue tena? Nimesikia kuna njia ya vipandikizi vinne, taya zima linafungwa juu yake.

#13 Fundi Nta
Ipo, ilienezwa na Paulo Maló wa Lisbon, vinne vinawekwa mbele, viwili vya nyuma vikiwa vimelazwa ili kukwepa sehemu zisizo na mfupa. Kazi nzuri sana kwa aliye hodari wa usafi. Kwa mzee asiyefikisha brashi chini ya yale meno yaliyofungwa, mimi ningependa yanayovuliwa. Yanayovuliwa hata mjukuu anaweza kuyaosha.

#14 Msomaji Kimya
Niwarudishe nyuma kidogo. Baba yangu juu hana kitu, chini amebakiwa na sita ya mbele, mazima ila yanalegea kiasi. Kashauriwa yang'olewe yote avae seti kamili "amalize shida". Kwa nilivyosoma #2 na #6 nimeogopa.

#15 Dokta wa Zamu
Uogope. Hilo ni eneo gumu. Sita ya mbele chini yakigonga seti kamili ya juu, mfupa wa mbele juu unaisha na fizi inabaki laini inayocheza. Daktari wa meno Kelly alieleza hali hiyo mwaka 1972. Ndiyo maana wapo wanaosema ng'oa yote. Lakini ukiyang'oa, baba anahamia kwenye tatizo la mama wa #1, na hapo hakuna kurudi. Mara nyingi tunaweka pleti ya chini inayojaza magego ili mzigo usiwe wote mbele, na kuichunguza mara kwa mara.

Njia ya kati: chonge mbili za chini zinatibiwa mizizi, zinakatwa usawa wa fizi, pleti inavaliwa juu yake. Crum na Rooney mwaka 1978 walilinganisha kwa miaka mitano: walioachiwa mizizi walipoteza kama milimita 0.6 za mfupa wa mbele chini, waliong'olewa yote walipoteza kama 5.2. Mzizi wa mtu mwenyewe ni kipandikizi ambacho tayari kimo ndani. Ila lazima usafishwe kila siku, la sivyo unaoza.

#16 Chonge
Au avae yale ya nailoni laini yasiyo na waya.

#17 Fundi Nta
Kwa muda, sawa. Kwa kudumu mimi siyapendi kwenye magego ya chini. Mengi hayana kituo cha kuegemea kwenye jino, yanazama polepole kwenye fizi, na taya likibadilika ni vigumu kuyajazia ndani (kuongeza plastiki upande wa fizi ili yalingane na taya la sasa). Fremu ya chuma cha kobalti-kromi ni nyembamba, imara, na inaegemea meno.

#18 Ukweli Mchungu
Na kuna ambalo hakuna anayelisema: si kila pengo lazima lizibwe. Mtafiti Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha mwaka 1981 kwamba watu wengi wanaishi vizuri bila magego ya nyuma kabisa mradi meno ya mbele na yanayofuata yapo yanakutana. Japani wana kampeni tangu 1989 ya kufika miaka 80 ukiwa na meno 20 yako. Lengo ni 20, si 32. Mzee aliyekosa magego mawili na hana malalamiko, mwacheni.

#19 Pengo la Mbele
Enzi za zamani walivaa ya mti wakaishi. Hata George Washington alikuwa na meno ya mti.

#20 Fundi Nta
Hayakuwa ya mti, mkuu. Yalikuwa na meno ya kiboko, meno ya watu, na metali. Alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja lake. Na seti ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi zilizozisukuma zikae mahali pake, yaani tatizo la Kitindamimba ni la siku nyingi. Mpira mgumu wa kutengenezea pleti ulikuja katikati ya karne ya 19, na akriliki tunayotumia leo ni ya miaka ya 1930.

#21 Mzee Kibogoyo
Kiboko tena! Mimi wangenipa hayo ningekataa hata wageni wakija.

#22 Kitindamimba
Asanteni sana wote. Nimefanya ya #4 na #6. Kijiko kimegandia shavuni, tena kimevuta ngozi. Mama anameza dawa mbili za presha na kidonge cha mzio karibu kila usiku. Nikabonyeza kushoto, kulia kukainuka. Halafu nimeuliza seti ina umri gani: alitengenezewa kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, na huyo mjukuu sasa yuko sekondari. Haijawahi kujazwa ndani hata siku moja.

Sasa nani yuko sahihi?

#23 Fundi Nta
Mimi. Hiyo seti imetengenezewa taya ambalo halipo tena. Ijazwe ndani au itengenezwe upya kwa kipimo cha leo, kisha ndipo mzungumze habari ya vipandikizi.

#24 Chonge
Hapana, imethibitisha ya #2. Miaka yote hiyo mfupa umekwenda. Ukitengeneza mpya juu ya mfupa usiokuwepo, mwakani mko hapa hapa.

#25 Dokta wa Zamu
Ningeanza na mate. Daktari wake wa presha aulizwe kama dawa zinaweza kubadilishwa, na hicho cha mzio kama bado anakihitaji. Anywe maji mara kwa mara, kuna pia jeli za kulainisha mdomo. Kisha picha ya taya ionyeshe kilichobaki. Kujazia seti ya zamani ni jaribio la upole, halimfungii mlango wowote.

#26 Mama Mlezi
Tafadhali asizibe tatizo kwa gundi nyingi. Kidogo inasaidia. Lakini zipo gundi zenye zinki, na watu waliozitumia kwa wingi kwa muda mrefu wamewahi kupungukiwa shaba mwilini hadi neva zikaharibika, miguu inakufa ganzi. Asome pakiti. Kwa mwenye kisukari, ganzi hiyo kila mtu atasema ni sukari.

Na usiku ayavue. Utafiti wa Japani wa 2015 kwa wazee wa miaka 85 na zaidi ulikuta wanaolala na meno bandia walikuwa na hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo. Ayasugue kwa brashi na sabuni, si dawa ya meno inayokwangua, wala maji ya moto, yanapinda.

#27 Mzee Kibogoyo
Mimi nalala nayo.

#28 Mama Mlezi
Basi mzee wangu leo uyavue. Fizi zipumue.

#29 Ukweli Mchungu
Kitindamimba, umeuliza watu wote humu. Mama amesema nini baada ya kijiko?

#30 Kitindamimba
Amesema kujaziwa atakubali, kutobolewa bado hapana, na kama daktari atamwambia tena "kwa umri wako" atanyanyuka aondoke. Kaka mkubwa bado anashikilia vipandikizi. Tunakwenda naye wiki ijayo na orodha ya dawa zote.

#31 Fundi Nta
Beba na seti ya zamani, hata kama haivai, ikiwa ndani ya maji isikauke. Inatuonyesha alizoea kuuma wapi. Na mwombe fundi aandike jina la mama ndani ya akriliki wakati anaijazia. Wazee wakilazwa meno huviringishwa kwenye karatasi laini yakatupwa na usafi wa asubuhi, au wawili wakabadilishana bila kujua.

#32 Msomaji Kimya
Dokta, ile ya mizizi ya chonge, meno yakiwa yanalegea bado inawezekana? Baba amekubali tusing'oe kwanza.

#33 Dokta wa Zamu
Inategemea mfupa ulioshika mzizi. Ukilikata jino fupi, lile lililokuwa linacheza mara nyingi linatulia, kwa sababu nguvu ya kulisukuma imepungua. Leta picha ya eksirei, ficha jina lake.